Hans Christian Hagedorn
Hans Christian Hagedorn (6 Machi 1888 – 6 Oktoba 1971) alikuwa daktari na mtafiti kutoka nchini Denmark. Anajulikana hasa kwa kutengeneza insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu.

Mwaka 1923 yeye na August Krogh walianzisha maabara ya insulini ya Nordisk. Wakati huo insulini, ambayo ni homoni ya aina ya peptidi, ilifanya kazi mwilini kwa saa chache tu, hivyo wagonjwa wa kisukari walichomwa sindano mara kadhaa kwa siku.

Mwaka 1936 Hagedorn na wenzake walionyesha kwamba insulini ikichanganywa na protamini, protini itokanayo na shahawa za samaki, huingia katika damu polepole zaidi. Mwaka 1946 maabara yake ilipata mchanganyiko ulio imara zaidi, usio na protamini ya ziada. Kwa sababu hiyo unaweza kuvutwa katika bomba moja la sindano pamoja na insulini ya kawaida. Dawa hiyo huitwa NPH. Herufi H inatokana na jina lake. Chembe zake hutuama, kwa hiyo kichupa huviringishwa taratibu kabla ya kutumiwa. Hadi leo dawa hiyo inatumika katika nchi nyingi.