Ernst Chain: mkimbizi aliyeanza masomo upya

Kama ulikimbia na shahada yako na sasa unaambiwa uanze upya, mfahamu Ernst Chain. Alipata shahada ya uzamivu ya kemia Berlin mwaka 1930. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka, Chain, Myahudi, alikimbilia Uingereza. Mama na dada yake walibaki. Waliuawa na Wanazi. Huko Cambridge alikubali kuwa mwanafunzi tena, akasomea uzamivu wa pili. Mwaka 1935 Oxford wakamwita kwenye idara ya patholojia, yaani elimu ya magonjwa.

Mei 1940, kikosi chao chini ya Howard Florey kiliwaambukiza panya 8 bakteria hatari. 4 wakapewa penisilini. Kulipokucha, hao tu ndio walikuwa hai. Penisilini unaijua: huenda umeshachomwa sindano yake zahanati.