Mwitongo, Butiama: Nyumbani kwa Kambarage

Msafiri anayetoka Mwanza kwa barabara kuu ya Musoma huipita Bunda, kisha Kiabakari, na baadaye hufika Makutano, mahali inapochepuka njia ya Butiama. Hapo ndipo wageni wanaokwenda kuzuru Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huiacha barabara kuu. Makumbusho hayo, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, yamejengwa kwenye kilima chenye mawe makubwa kiitwacho Mwitongo. Jina hilo katika lugha ya Kizanaki humaanisha mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu wa kale.

Mji huo ulikuwa wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwenyewe alipewa jina la Nyerere kwa sababu ya viwavi walioivamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Mwanawe aliyezaliwa na Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano, tarehe 13 Aprili 1922, alipewa jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha sana. Kijana alikua kama watoto wengine wa Kizanaki: alichunga mbuzi, alimsaidia mama yake shambani, na meno yake yalichongwa kwa desturi ya kabila lake. Kuwa mtoto wa chifu hakukumpa godoro wala viatu.

Shule aliianza akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, na jambo hilo lingeweza lisitokee kabisa. Inasimuliwa kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo limo Wilaya ya Bunda, alikuwa akija Butiama kumtembelea rafiki yake, na katika mapumziko alicheza bao na mtoto huyo. Alipoona namna kijana anavyozihesabu kete, alimshauri baba yake asimwache abaki na mbuzi. Kambarage akapelekwa Mwisenge, Musoma, shule ya bweni iliyo umbali wa takriban kilomita 40 kutoka nyumbani. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora. Chifu Burito alifariki mwaka 1942 bila kuona mavuno ya uamuzi wake.

Ubatizo na jina la Julius alivipata Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943. Mengine yanafahamika na wengi: Makerere, ualimu Tabora, Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, ndoa na Maria Waningu mwaka 1953, na kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954.

Kipindi kisichosimuliwa sana ni mwaka 1955. Wakati huo Mwalimu alikuwa akifundisha Pugu, na alitakiwa achague kati ya kazi ya ualimu na siasa. Aliacha kazi, akapoteza mshahara akiwa na familia changa, na akarejea Uzanaki. Kwa miezi kadhaa aliishi kwa kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kufanya kazi za tafsiri. Mtu aliyekuwa na shahada ya Edinburgh na aliyekwisha kuzungumza Umoja wa Mataifa, New York, alijikuta kijijini bila ajira. Angeweza kuishia hapo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alirudi Dar es Salaam kukiendeleza chama, na miaka sita baadaye Tanganyika ikapata uhuru.

Akiwa Rais aliendelea kuja Butiama mara kwa mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji aliosomea elimu ya msingi, na kupitisha Azimio la Musoma lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo 1977. Walimu walikuwa wachache na madarasa hayakutosha, ubora uliathirika. Hata hivyo, watoto wengi wa wakulima na wafugaji waliingia darasani bila kumhitaji chifu wa jirani wa kuwasemea.

Aling'atuka urais mwaka 1985, nchi ikiwa katika uhaba mkubwa wa bidhaa, akarudi Butiama kulima. Jeshi la Wananchi lilimjengea nyumba kubwa Mwitongo, lakini aliishi humo kwa muda mfupi tu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa hapo nyumbani tarehe 23 Oktoba.

Ndani ya makumbusho kuna picha, mavazi yake na zawadi alizopewa na wananchi na viongozi wa nchi nyingine. Nje, kaburi lake liko jirani na makaburi ya wazazi wake, na upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuhifadhi kwa mila tangu kale. Watanzania wengi walio hai leo walizaliwa baada ya 1999 na hawakuwahi kuisikia sauti yake ikitoka redioni moja kwa moja. Anayetaka kuiona safari yote ya utoto wake aanzie Mwitongo, kisha aende Mwisenge, ambako shule bado ipo na watoto wa Musoma bado wanasoma.