Tom Mboya, mtu wa sendika aliyejaza ndege na wanafunzi

Hapa Lubumbashi, ukitaja Kenya, kila mtu anafikiri komini yetu, ile ya jirani na Kamalondo na Katuba. Leo tunatoka mbali kidogo. Tunataka kuzungumza juu ya Kenya ile ingine, nchi ya Nairobi na Mombasa, na juu ya mtoto mmoja wa kapita aliyezaliwa kule. Jina lake Tom Mboya. Hakumaliza masomo yake kama alivyotaka, juu ya kukosa makuta. Lakini njo yeye aliyefungulia mamia ya vijana njia ya kwenda kusoma ku Marekani.

Tunamchagua kwa sababu jambo hili liko mu nyumba zetu. Matokeo ya egzameni ya Leta yakitoka, mtoto anakuja na asilimia nzuri, baba anatoka mu kazi na vumbi ya mine, na wote wawili wanabaki kuangaliana. Tena wengi wamesikia kwamba ku Marekani kuko bursi yenye kulipa yote: masomo, chakula, kitanda, vitabu. Iko kweli. Lakini namna gani watu waliipata zamani, hiyo njo inatufundisha.

Mtoto wa kapita

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 mwezi wa nane 1930, mu shamba la katani la mzungu, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga, mu ziwa Victoria, lakini baba alikuwa anatumika kule shambani kama kapita. Wazee wetu wanajua maana yake: unasimamia wenzako, mzungu anakusimamia wewe, na mshahara unabaki mdogo.

Baba alimpeleka mtoto ku masomo ya wamisionere wakatoliki: Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u. Kijana alikuwa na akili na mdomo mzuri. Lakini pale alipotaka kuendelea, makuta ya familia yakaisha, na wadogo zake nao walipaswa kusoma. Akaacha. Mwaka 1948 akaingia mu shule ya wakaguzi wa usafi, juu kule hawakuwa wanalipisha. Walikuwa wanalipa mwanafunzi kidogo.

Alipomaliza, mji wa Nairobi ukamuajiri. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa, kuangalia maduka na nyumba. Siku moja mama mzungu aliingia na chupa ya maziwa, akamuona Mboya amesimama pale, na akauliza kama hakuna mtu mu chumba. Mboya hakusahau siku ile. Tena hakusahau kwamba mzungu mwenye kazi ile ile alikuwa analipwa zaidi sana kuliko yeye.

Kutoka biro mpaka sendika

Mkasirika mwingine angepiga meza na kufukuzwa. Mboya akakusanya wenzake. Akaunda sendika ya wafanyakazi wa miji, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa muungano wa sendika zote za Kenya. Wakati ule serikali ya Waingereza ilikuwa imetangaza hali ya hatari juu ya vita vya Mau Mau. Viongozi wa siasa walikuwa mu jela. Sendika njo ilibaki mdomo wa watu weusi. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akaenda kuwasemea, na mshahara ukapandishwa. Sisi wa Lubumbashi tunajua bei ya mgomo: mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi hapa ku stade. Basi tunaelewa kwamba kurudi kutoka mgomoni na mshahara umepanda, na watu wangali wazima, hapana mambo madogo.

Sendika njo ilimfungulia Mboya mlango wa dunia. Wafanyakazi wa Uingereza walimlipia mwaka mmoja ku Ruskin College, mu mji wa Oxford, masomo ya watu wa kazi. Kutoka kule, mwaka 1956, akaalikwa ku Marekani. Akazunguka miezi miwili. Kule akakutana na William Scheinman, mfanyabiashara kijana aliyekuwa anatengeneza vyuma vya ndege. Wakawa marafiki. Scheinman akaanza kulipia wanafunzi wachache tiketi kutoka mfuko wake mwenyewe.

Bursi iko, tiketi hakuna

Hapa tusikie vizuri, juu njo kiini cha habari.

Mu miaka ile, Kenya haikuwa na universite kamili. Kwa Afrika ya Mashariki yote kulikuwa Makerere, ku Uganda, na nafasi zilikuwa chache. Vijana wa Kenya wakaanza kuandika barua wao wenyewe ku makoleji ya Marekani. Waliandika kumi, ishirini, usiku, ku mwanga wa taa. Na majibu yakaja. Makoleji mengi, hata yale madogo ya mikoani, yalikubali kuwasomesha bila malipo au kwa malipo madogo.

Lakini bursi ile haikupanda ndege. Tiketi ilipita mshahara wa mwaka mzima wa mfanyakazi wa kawaida. Kijana alikuwa na barua ya koleji mkononi, na anakaa kijijini, anaisoma tena na tena.

Mboya akaona: tatizo hapana akili ya watoto, hapana tena milango ya masomo. Ni kipande kimoja kinachopungua. Mwezi wa nne na wa tano 1959 akarudi ku Marekani, akasema mbele ya watu karibu mara 100 kwa wiki tano. Pamoja na Scheinman wakasimamisha shirika la kusaidia wanafunzi. Jackie Robinson, yule mchezaji wa bezboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier, watu wa muziki na sinema, wakatia saini barua ya kuomba michango. Ku Nairobi, Mboya alichagua wanafunzi pamoja na Julius Kiano, aliyekuwa amesoma mwenyewe ku Marekani mpaka udaktari.

Na kijijini, wazazi hawakukaa kungojea. Waliuza ng'ombe, wakafanya karamu za chai na ngoma za kuchangisha. Kijana mmoja alikuwa anaondoka na makuta ya ukoo mzima mu mfuko.

Mwezi wa tisa 1959 ndege moja ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81, wavulana na wasichana, wakafika New York. Watu wengi wanafikiri baba ya rais Barack Obama alikuwa mu ndege ile. Hapana. Alienda mwaka ule ule, lakini kwa njia yake, mpaka Hawaii.

Waingereza hawakufurahi. Walisema makoleji ya Marekani ni ya chini. Serikali ya Marekani nayo ilikataa kwanza kulipia ndege za 1960. Basi tarehe 26 mwezi wa saba 1960 Mboya akaenda kumuona John Kennedy, aliyekuwa anatafuta kuwa rais. Shirika la familia ya Kennedy likatoa dola 100,000. Serikali iliposikia, na yenyewe ikasema sasa itatoa. Ilikuwa imechelewa. Mwaka ule wakaondoka karibu 300, na safari hii walitoka pia mu nchi zingine, hata Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Kufika 1963, wote walikuwa karibu 800.

Kule hakukuwa paradiso. Kulikuwa baridi, kulikuwa ubaguzi, na bursi nyingi hazikutosha. Wengi waliosha sahani na kufagia usiku, asubuhi wanaingia mu darasa. Lakini wengi walirudi, wakawa waganga, walimu wa universite, mawaziri. Wangari Maathai alienda 1960 kusoma ku Kansas. Mwaka 2004 akapata tuzo ya Nobel ya amani.

Risasi ya Government Road

Mboya mwenyewe hakupanda cheo cha masomo. Alikuwa waziri wa kazi, kisha wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Siku ya posho, tarehe 5 mwezi wa saba 1969, alitoka mu duka la dawa ku Government Road, Nairobi, na mtu akampiga risasi. Alikuwa na miaka 38. Walimkamata mtu mmoja, wakamhukumu, wakamnyonga. Lakini nani alimtuma, Wakenya wanaulizana mpaka leo. Walimzika Rusinga, kisiwa cha wazazi wake.

Na sisi?

Mwezi wa kumi na mbili 1958, ku Accra, Mboya alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa watu wa Afrika. Mu chumba kile alikaa pia Patrice Lumumba. Miaka miwili kisha, Congo ikapata uhuru na watu waliomaliza universite hata 30 hawakufika. Universite yetu ya hapa ilikuwa imefunguliwa 1956 tu. Lumumba aliuawa karibu na mji wetu tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Hatusemi ndege ya wanafunzi ingeokoa nchi. Lakini kila mtu anaona tofauti kati ya kuanza na mamia ya watu waliosoma na kuanza na mikono mitupu.

Leo masomo ya watoto hailipi tena Gécamines; inalipa mzazi. Na bursi kamili ku Marekani ziko: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kwa mfano, zinapochagua mtoto hata wa kigeni haziangalii kama baba ana makuta, na zikimkubali zinalipa kinachopungua. Wanaopita ni wachache sana, na kuomba kunaanza karibu mwaka mzima mbele, mu Kingereza, hapana kisha egzameni ya Leta. Tena tukumbuke: bursi haiuzwi. Mtu akikuomba makuta ili akupatie bursi, ujue ni mwizi.

Lakini tusisahau kipande kinachopungua. Paspoti, safari ya Kinshasa kwa viza, tiketi, koti ya baridi: vitu hivi mtoto mmoja na baba mmoja hawaviwezi. Sisi tunajua likelemba, tunajua kuchangia matanga. Tom Mboya alichukua nguvu ya namna ile, akaigeuza kuwa ndege. Kama tunaweza kuchanga franga kwa kumzika mwenzetu wa ku kazi, tunaweza kuchanga pia kwa kumsindikiza mtoto wake aliye na barua mkononi.