Meinertzhagen: Mjuzi wa Ndege Aliyepita Nyeri

Mtu wa pwani akipanda Nyeri huanza kwa kulalamikia baridi, nami sikuwa mbali na desturi hiyo. Lakini siku ya tatu asubuhi, nikiwa nimejikunyata mlangoni na kikombe cha chai, baridi ilinitoka akilini kwa ajili ya ndege. Walikuwa kwarara watatu wakidukua nyasi kwa midomo yao mirefu iliyopinda, kisha wakaruka kwa kelele kama watu wanaogombania kiti cha basi. Kwarara nalijua jina lao tangu utotoni, ila sikupata kuwatazama hata siku moja. Kwetu Mombasa ndege aliyetutawala macho ni kunguru, yule mkaidi aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani nzima akitupokonya samaki jikoni.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kikikuyu, mwalimu mstaafu. Aliponiona nimetoka na kidaftari alinicheka, cheko la wema, akanishauri niache kwanza mambo ya vitabu. Nichague ndege watano wa pale uani, niwatazame mpaka niwajue kwa mwendo wao kabla ya rangi. Basi nikaanza. Mbwigu, mweusi juu na mweupe chini, akaa juu ya waya kama askari wa zamu, na panzi amkamataye humtunga kwenye mwiba kama mshikaki. Kuzumburu, mwenye mkia mrefu kuliko haja yake, hutambaa matawini kama panya. Mnana wa manjano, fundi wa kusuka. Chozi, ambaye pwani tunaye pia, lakini huyu wa Nyeri ni mkubwa zaidi na ang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Na juu kabisa shakivale, jamaa ya tai, kifua cheupe na mkia mwekundu wa kutu.

Wiki ya tatu nilijiona bingwa. Pembeni mwa msitu nikaona ndege wa kijani akipaa, na mbawa zake zikafunguka nyekundu kama moto. Nikaandika mara moja: kulukulu, yule yule wa misitu ya pwani. Mzee alisoma, akauliza kama nilikiona kichwa chake. Sikukiona. Kulukulu wa pwani ana wekundu kisogoni, na huyu wa milimani ana kishungi cheusi cha kibuluu na doa jeupe mbele ya jicho. Ni ndugu, lakini si mmoja. Wekundu wa bawa ndio mmoja kwao wote, nao ni rangi yenye shaba ya kweli ndani yake. Nilikuwa nimeandika nilichokijua, si nilichokiona.

Ndipo mzee akanikopesha kitabu chakavu, shajara za Kenya za Richard Meinertzhagen zilizochapishwa mwaka 1957, akaniambia nisome habari za mtu aliyejua ndege kuliko sisi sote. Sikufahamu wakati ule kwa nini alitabasamu.

Meinertzhagen alizaliwa Uingereza tarehe 3 Machi 1878, mmoja wa watoto kumi. Jina ni la Kijerumani, kwa kuwa ukoo wa baba yake, watu wa benki, ulitoka Bremen. Mama alikuwa dada wa Beatrice Webb, mwandishi maarufu wa siasa. Nyumba yao ya Mottisfont, katika jimbo la Hampshire, ilikuwa na vizimba vya ndege ambamo watoto walifuga hata tai. Richard na kaka yake Daniel walikua humo wakitazama, wakihesabu na kuchora. Daniel ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora, akafariki kijana mwaka 1898. Na yule mwanafalsafa Herbert Spencer, rafiki wa jamaa ya mama, alikuwa akiingia na kutoka katika nyumba hiyo. Mwanzo mzuri kama huo wanafunzi wachache wa ndege wameupata.

Akawa askari. Mwaka 1899 alipelekwa Bara Hindi, na mwaka 1902 akashuka Mombasa kuingia jeshi la King's African Rifles. Hakukaa pwani. Alipelekwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na mwisho wa mwaka huo alikuwa katika kikosi kilichowashambulia Wakikuyu wa Tetu. Baada ya vita hivyo ndipo kituo cha serikali cha Nyeri kilipoanzishwa. Kwa hiyo mji huu ninaotembea nao nikitafuta chozi na mnana, yeye aliukuta ukiwa vilima, mashamba na msitu.

Hapa msomaji lazima avumilie, kwani mambo si mazuri. Katika shajara hizo mwenyewe aeleza kwamba mwaka 1902, baada ya mzungu mmoja kuuawa kikatili, aliamuru wauawe watu wazima wote wa kijiji na kubakiza watoto tu. Ukurasa wa damu, kisha ukurasa wa ndege na wanyama, na mkono ulioandika ni ule ule. Alihesabu wanyama, alipima mayai, aliandika nani anakula nini. Mwaka 1904 alipeleka London ngozi na mafuvu ya nguruwe mkubwa mweusi wa misitu, mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua, naye akapewa jina lake la Kilatini kwa heshima ya Meinertzhagen. Mnyama huyo yungali katika msitu wa Aberdare na Mlima Kenya. (Hata nguruwe ana sifa zake, jamani, ilimradi abaki porini.)

Tarehe 19 Oktoba 1905, katika nchi ya Wanandi, alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza upinzani wa watu wake kwa miaka kumi na zaidi. Mkutano ulikuwa wa mapatano. Koitalel akauawa pale pale pamoja na watu wake, na Wanandi mpaka leo husema kwamba ilikuwa hila, kwamba alipigwa risasi wakati wa kupeana mkono. Uchunguzi wa kijeshi ulimtoa Meinertzhagen bila hatia, lakini mwaka 1906 akaondolewa nchini. Fimbo tatu za Koitalel alizozichukua zilikaa Uingereza miaka mia moja, zikarudishwa Kenya mwaka 2006.

Alirudi Afrika ya Mashariki na majeshi yaliyoshindwa vibaya Tanga Novemba 1914, akawa mkuu wa upelelezi wa Waingereza upande huu. Baadaye akapelekwa Palestina, ambako mwaka 1919 alikuwa ofisa mkuu wa siasa, na huko alisimama waziwazi upande wa Wazayuni. Kuna kisa mashuhuri cha mkoba wenye karatasi za uongo ulioangushwa jangwani mwaka 1917 ili kuwadanganya Waturuki kabla ya vita vya Gaza. Maisha yake yote alijisifu kwa kisa hicho, ingawa wachunguzi wa baadaye wameona kwamba wazo halikuwa lake.

Lakini turudi kwenye ndege, maana ndiko alikojenga heshima yake ya uzee. Alisafiri nchi nyingi akikusanya. Mwaka 1937 alikwenda Afghanistan pamoja na Salim Ali, Mwislamu wa Bombay. Huyu Salim Ali naye alianza kama sisi: mtoto mwenye bunduki ya upepo aliyemwangusha shomoro, akaona doa la manjano kooni, akashindwa kumtaja. Mjomba wake akampeleka kwa mabwana wa chama cha elimu ya viumbe wamweleze. Kwa swali hilo moja akafikia kuwa mjuzi mkubwa wa ndege wa Bara Hindi, mpaka alipofariki mwaka 1987.

Meinertzhagen alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Arabuni mwaka 1954, ambacho sehemu kubwa ilitokana na kazi ambayo haikuchapishwa ya mtaalamu mwingine, Bates, aliyekwisha kufa. Mwaka huo huo aliikabidhi makumbusho ya London mizoga mikavu ya ndege ipatayo 20,000. Alifariki tarehe 17 Juni 1967 akiwa na umri wa miaka 89, akahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa elimu hiyo.

Yapo yaliyonong'onwa hata alipokuwa hai. Mwaka 1919 alizuiwa kwa muda kuingia chumba cha ndege cha makumbusho hiyo hiyo kwa kutoa ndege bila ruhusa. Mambo yakafunikwa, kwa kuwa alikuwa kanali, mtu wa nasaba, na mwenye hasira.

Katika miaka ya 1990 kifuniko kikafunuka. Ndege wa makumbusho huwa amechunwa, amejazwa pamba, ameshonwa, na mguuni amefungwa kikaratasi kinachosema nani alimpata, wapi na tarehe gani. Bila kikaratasi, yule ndege ni manyoya tu. Sasa kila fundi wa kuchuna ana mkono wake, kama fundi wa kanzu: namna ya kushona, namna ya kukunja bawa, pamba aliyotumia, miguu alivyoipitanisha. Mwaka 1993 mtaalamu Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya ndege wa Meinertzhagen walishonwa na mikono ya watu wengine kabisa. Pamela Rasmussen, Mmarekani, pamoja na Robert Prys-Jones wa makumbusho, wakaendelea kwa miaka, wakipiga picha za eksirei na kulinganisha. Wakagundua kwamba aliiba ndege wa zamani waliokusanywa na wengine, mara nyingine akawafumua na kuwajaza upya, kisha akawafungia vikaratasi vipya: mahali ambapo ndege yule hakupatikana, na tarehe aliyoibuni yeye.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua habari ya sanad. Neno halipokelewi kwa utamu wake. Huulizwa limepokewa kwa nani, naye kwa nani, na kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani. Akithibiti mmoja kuwa mwongo, mapokezi yake huachwa hata yale yanayoelekea kuwa kweli, kwa sababu hakuna wa kuyapambanua. Kile kikaratasi cha mguuni ndiyo sanad ya ndege. Na Meinertzhagen hakuwa mjinga aliyekosea kama mimi na kulukulu wangu. Alijua vizuri sana, na kwa kujua kwake akachagua uongo ambao ungeaminika.

Tena madhara yake si ya vitabuni peke yake. Kulikuwa na bundi mdogo wa Bara Hindi, bundi wa msituni, ambaye mara ya mwisho alikusanywa kwa hakika mwaka 1884. Meinertzhagen alikuwa na mmoja aliyeandikwa kuwa alipatikana Gujarat mwaka 1914, mwaka ule ule wa Tanga. Waliomtafuta wakawa wanaaminishwa kwamba aliishi huko na mpaka wakati huo. Rasmussen alipomchunguza bundi huyo akaona ni wizi, ni mmoja wa wale wa miaka ya 1880. Akakitupilia mbali kikaratasi cha 1914, akafuata vile vya watu waaminifu tu, akaenda na wenzake katika jimbo la Maharashtra. Novemba 1997, karibu na mji wa Shahada, bundi akaonekana mchana, hai, juu ya mti usio na majani, baada ya miaka 113.

Nilimrudishia mzee kitabu chake. Nilimwuliza kwa nini alinipa mwalimu wa namna ile. Akanijibu kwamba babu zake walikuwa upande wa Tetu, kwamba habari za bwana yule alizisikia nyumbani kabla ya kuzisoma, na kwamba alitaka nione jinsi mtu awezavyo kumtazama chozi kwa saa nzima bila moyo wake kulainika hata kidogo. Kisha akauliza nimefikisha ndege wangapi.

Kidaftarini walikuwa thelathini na mmoja. Ukweli, mmoja wao nilimwongeza usiku, kwa taa, baada ya kumwona kivuli tu akivuka barabara ya Kiganjo, kwa kuwa thelathini na mmoja ilinipendeza kuliko thelathini. Nilimkata kwa kalamu pale pale mbele ya mzee. Kuhusu kulukulu, kesho yake tulirudi wote wawili pembeni mwa msitu, tukakaa mpaka umande ukakauka. Alikuja mmoja, akatua juu ya tawi lenye matunda, akageuza kichwa. Doa jeupe lilikuwapo. Nikaandika tarehe, saa na mahali, na chini yake jina langu na la mzee.