MOLA HAKUMTUPA MTUME WAKE



Mtume Muhammad (s.a.w.) alizaliwa Makka karibu na mwaka 570, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Alipokuwa na miaka 6 alifiwa na mama yake Amina, na alipofika miaka 8, babu yake pia. Akalelewa na ami yake Abu Talib.

Mwaka 610 wahyi ulimshukia katika pango la Hira. Alirudi nyumbani akitetemeka, na mkewe Bibi Khadija akamfunika nguo na kumtuliza. Kisha wahyi ukakatika kwa muda. Maadui wakamcheka, wakidai kwamba Mola wake amemtupa. Akahuzunika sana.

Ndipo ikashuka Sura Adh-Dhuha, ya 93, yenye aya 11. Mwenyezi Mungu aliapa kwa mchana na kwa usiku kwamba hakumwacha wala hakumchukia. Akamkumbusha uyatima wake na ufukara wake, na namna alivyompa makao, uongofu na riziki. Halafu akamwamuru asimwonee yatima, asimkaripie mwombaji, na azitaje neema za Mola wake.

Hata mwaka 619, alipofiwa na Khadija na Abu Talib, kisha akapigwa mawe Taif, hakukata tamaa. Alifariki Madina mwaka 632.

Ndugu zangu, dua ikichelewa tusiseme Mola ametuacha. Na yatima aliye nyumbani mwetu ale sahani moja na watoto wetu. Hiyo ndiyo shukrani ya aliyefarijiwa.

Wabillahi tawfiq.