Mel Bonis, Mtungaji Aliyelificha Jina Lake

Ukimwuliza mwanafunzi wa muziki akutajie watungaji wa Ufaransa wa mwanzo wa karne ya 20, atakutajia Debussy, na Ravel, na labda Fauré. Ukimtajia Mel Bonis, atakuuliza huyo ni nani, na akijaribu kukisia atadhani ni mwanamume. Tusimlaumu, maana mwenye jina mwenyewe alitaka watu wakisie hivyo. Katika kurasa hizi nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliokwisha kututangulia, habari za bibi huyu na muziki wake wa piano. Naona ametufundisha jambo moja kubwa: kazi iliyofanywa vizuri haifi, hata ikikosa wa kuisifu.

Mélanie Hélène Bonis alizaliwa mjini Paris tarehe 21 Januari 1858. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Walikuwa Wakatoliki washika dini, wakali katika malezi, nao hawakuona kuwa muziki ni kazi ya kumfaa binti mwenye heshima. Lakini palikuwa na piano nyumbani, na mtoto akajifunza peke yake, akibonyeza na kusikiliza, akibonyeza tena na kusikiliza. Alipopata umri wa miaka 12 hivi, rafiki mmoja wa nyumba, aliyekuwa mwalimu katika Conservatoire, yaani chuo kikubwa cha muziki cha Paris, aliwasihi wazazi wamtafutie mtoto mafundisho ya haki. Wakakubali kwa shingo upande. Mwaka 1876 alipelekwa kwa César Franck, mtungaji mashuhuri na mpiga kinanda cha kanisa. Franck alipomsikia alimfundisha, kisha akamsaidia kuingia Conservatoire.

Huko alisoma pamoja na vijana waliokuja kuwa na majina makubwa, kama Claude Debussy na Gabriel Pierné. Wala hakuwa nyuma yao. Mwaka 1879 alipata tuzo ya pili katika kazi ya kuwasindikiza waimbaji kwa piano, na mwaka 1880 akapata tuzo ya kwanza katika elimu ya kupatanisha sauti. Walimu wake walitumaini kuwa ataendelea na kutunga mpaka afike juu kabisa.

Lakini haikuwa hivyo. Chuoni alikutana na kijana mwimbaji na mshairi, jina lake Amédée Hettich. Bonis akayatungia muziki mashairi yake, na wawili hao wakapendana. Hettich alitaka kumwoa, lakini wazazi wa msichana walikataa katakata. Ili kumtenga na kijana yule, wakamwondoa chuoni mwaka 1881, ingawa walimu wake walisikitika. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1883, wakamwoza kwa Bwana Albert Domange. Bwana huyu alikuwa mtu wa viwanda, tajiri, mwenye kumpita mkewe kwa miaka zaidi ya 20. Alikuwa amekwisha kufiwa na wake wawili, naye alikuwa na watoto watano wa kiume. Tena hakupenda muziki.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Msichana wa miaka 25 aingia katika nyumba kubwa, akuta watoto watano wa kulea, na watumishi wa kusimamia, na wageni wa kukaribisha. Baadaye akazaa wake watatu, Pierre, Jeanne na Édouard. Kwa miaka mingi alikuwa Bibi Domange tu, na kalamu yake ya muziki ilikaa karibu bila kazi. Aliifanya kazi ya nyumba kwa uaminifu, wala hakuwatelekeza watoto asiowazaa. Jambo hili tulikumbuke tunapopima kazi aliyoifanya baadaye, maana hakupewa saa nyingi kama wenzake wa kiume.

Katika miaka ya 1890 alikutana tena na Hettich, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa kuimba na mwandishi wa habari za muziki. Hettich alimtia moyo arudie kutunga, akamjulisha kwa wachapishaji. Bonis akarudi kazini kwa nguvu. Lakini aliweka nini juu ya karatasi zake? Hakuandika Mélanie. Aliandika Mel, herufi tatu tu, ili anayesoma asijue kama mtungaji ni mume au mke.

Alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Mwenzake Cécile Chaminade, aliyezaliwa mwaka 1857 mjini Paris, alitumia jina lake lote. Alipata umaarufu mwingi, hata akazuru Marekani mwaka 1908 na kushangiliwa na watu wengi. Hata hivyo wakosoaji hawakuacha kuupima muziki wake kwa uanawake wake. Ukiwa mwororo, walisema ni wa kike mno. Ukiwa na nguvu, walisema anawaiga wanaume. Bonis alitaka asikilizwe kwanza, ndipo aulizwe ni nani. Yasimuliwa kwamba Camille Saint-Saëns, mtungaji mkuu wa Ufaransa wakati ule, aliposikia muziki wake wa vyombo vinne, piano, fidla, viola na sello, uliotungwa kufikia mwaka 1905, alistaajabu kwamba mwanamke aweza kutunga namna ile. Ilikuwa sifa kubwa, lakini ni sifa yenye mwiba ndani yake.

Miaka ya 1900 mpaka 1914 ndiyo iliyokuwa ya neema katika kazi yake. Aliingia katika chama cha watungaji wa Paris, hata akawa katibu wake. Kwa jumla aliacha tungo kama 300: za piano, za kinanda cha kanisa, nyimbo za dini, nyimbo za kawaida, na muziki wa vyombo vingi. Mimi nitasema zaidi juu ya zile za piano, kwa sababu ndizo ninazozijua kwa vidole vyangu.

Kwanza ni vile vipande saba ambavyo baada ya kufa kwake vimekusanywa katika kitabu kimoja kwa jina la Femmes de légende, yaani wanawake wa hadithi za kale. Wamo Mélisande, Desdémona, Ophélie, Viviane, Phoebé, Salomé na Omphale. Ninyi mliosoma Shakespeare kwa ajili ya mtihani mnawajua Desdemona na Ophelia. Katika tamthilia watu hao husemewa zaidi kuliko wanavyosema. Baba, au mume, au mwana wa mfalme ndiye mwenye maneno mengi. Katika muziki wa Bonis kila mmoja amepewa chumba chake mwenyewe na muda wake mwenyewe. Ophélie ni maji. Mkono mmoja wapita juu na chini bila kukoma, kama mto usiojali, na wimbo waelea juu yake mpaka uchukuliwe. Salomé, uliochapishwa mwaka 1909, ni tofauti kabisa. Ni ngoma ya jumba la Herode: wakati mwingine yanyemelea, wakati mwingine yaruka ghafula, na msikilizaji hapati pa kutulia. Phoebé, wa mwaka ule ule, ni mwezi mtulivu. Sauti zake zimepangwa karibu karibu, nazo zafifia polepole. Mtu akisikia vipande hivi vitatu mfululizo hawezi kusema kwamba mtungaji alijua njia moja tu ya kuandika.

Pili ni vipande alivyowaandikia watoto. Mwaka 1912 alitoa Scènes enfantines, na mwaka 1913 Album pour les tout-petits, kwa ajili ya wadogo kabisa. Katika Scènes enfantines kuna mchezo wa kujificha na kutafutana, na kuna kipande cha mtoto anayeshikwa na usingizi. Nimejifunza hivi viwili kwa piano ya shule yetu, ambayo nyuzi zake mbili hazilii vizuri wakati wa mvua. Kwa vidole si kazi ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kuvipiga. Ugumu umo masikioni. Katika mchezo wa kujificha mkono mmoja wamkimbiza mwingine, na ukichelewa kidogo tu mchezo umeharibika. Katika kipande cha usingizi sauti ya chini hutikisika kama mkono wa mama, na mpigaji akibonyeza kwa nguvu mtoto huamka. Vitabu vingi vya kufundishia hufanya vidole vipate nguvu na moyo ulale. Bibi huyu alilea watoto wengi, naye alijua kuwa mtoto si mtu mzima mjinga. Alimpa muziki wa kweli, mfupi, wa kumtosha.

Tatu ni La cathédrale blessée, kanisa kuu lililojeruhiwa, wa mwaka 1915. Mwezi wa Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililipiga kanisa kuu la Reims, mahali ambapo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitiwa mafuta, likashika moto. Bonis hakuandika muziki wa kuita watu vitani. Aliandika maombolezo mazito, yenye sauti nyingi zinazobonyezwa pamoja, kama mtu atazamaye kuta zilizopasuka na hana la kusema.

Sitaki kudanganya kwamba kila alichotunga ni dhahabu. Zipo ngoma nyepesi alizoandika kuwapendeza wanunuzi, na mtu aweza kuzisikia jioni na kuzisahau asubuhi. Lakini hata Chopin ana za namna hiyo. Mtungaji hupimwa kwa kazi zake zilizo bora.

Sasa sina budi kusema habari ya huzuni, maana bila hiyo maisha yake hayaeleweki. Mapenzi yake na Hettich yalirudi, na mwaka 1899 alizaa binti kwa siri, jina lake Madeleine. Mtoto hakuweza kukaa kwa mama yake. Alilelewa na mwanamke aliyekuwa zamani mtumishi wa nyumba. Bonis alikuwa mcha Mungu, naye alijua kwamba amevunja ahadi yake ya ndoa. Jambo hilo lilimwuma mpaka mwisho wa siku zake. Mumewe alifariki mwaka 1918. Baada ya vita Madeleine, akiwa msichana mkubwa, alikuja kukaa nyumbani kwa Bonis bila kujua kwamba yule bibi ndiye mama yake. Naye Édouard aliporudi kutoka vitani alimwona, wakapendana, wasijue kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Ikamlazimu mama afunue siri aliyoifunika kwa miaka 20. Mimi sina nia ya kumhukumu. Nasema tu kwamba siri ni mzigo unaowaangukia hata wasioufunga.

Tangu hapo alijitenga na watu. Mara nyingi alikuwa mgonjwa, hakupata usingizi, na muziki wake mwingi ukawa wa dini. Dunia ya muziki ilikuwa imebadilika. Vijana wa Paris walitaka mambo mapya, na jina la Mel Bonis likasahauliwa. Lakini hakuiacha kalamu. Alitunga akijua kwamba pengine hakuna atakayezipiga nota zile, akaziweka akiba. Alifariki Sarcelles, karibu na Paris, tarehe 18 Machi 1937, akiwa na miaka 79.

Zilikaa hivyo karibu miaka 60. Watoto wake walizihifadhi karatasi, na hili ni jambo la kuwashukuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mpiga sello wa Ujerumani, Eberhard Mayer, aliokoa muziki wake wa vyombo kutoka katika usahaulifu, akaupiga na wenzake. Kitukuu chake Christine Géliot, naye mpiga piano, akazikusanya tungo na kuandika kitabu cha maisha yake. Tangu hapo nota zimechapishwa upya, na wapiga piano wa nchi nyingi wamezipiga na kuzirekodi. Hata sisi tulio mbali twaweza kuzisikia.

Basi tujifunze nini? Wazazi walimtoa chuoni kwa kuwa ni binti, na watu wakamsikiliza kwa kuwa hawakujua kuwa ni binti. Mambo haya mawili yatosha kutufanya tufikiri, sisi wavulana ambao ada zetu hulipwa kwanza na za dada zetu hungoja mavuno. Labda miongoni mwao yupo anayebonyeza na kusikiliza peke yake, na hana rafiki wa nyumba wa kumsemea kwa wazazi. Rafiki huyo aweza kuwa kaka yake. Na kwa yule aonaye kwamba kazi yake haitazamwi na mtu, na aifanye vizuri vile vile, aiweke akiba. Huenda mwenye kuisikiliza hajazaliwa.