Muriel Robertson: Kutoka mbung'o wa Ziwa Victoria hadi viumbe visivyohitaji oksijeni

KWA wazee wa bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, mbung'o si mdudu wa kusimuliwa tu. Malale yaliua watu na mifugo huko kwa miongo mingi, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya.

Miongoni mwa waliofungua njia ya ushindi huo ni Muriel Robertson, mwanasayansi aliyezaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1883.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1905, akaenda Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kuchunguza vimelea vya damu katika wanyama watambaao. Mwaka 1911 alitumwa Uganda, wakati ambapo malale yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Huko Mpumu alipasua mbung'o mmoja baada ya mwingine, akafuatilia safari ya kimelea hicho chenye seli moja kutoka tumboni mwa mdudu hadi kwenye tezi za mate, ambako humngojea mtu wa kuumwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Kimelea cha Lambwe ni ndugu wa kile alichokichunguza, nacho hupita njia iyo hiyo.

Mwaka 1914 alirejea katika Taasisi ya Lister, London. Vita Kuu vilikuwa vimezuka, na majeruhi walikuwa wakifa kwa vidonda vilivyooza na kujaa gesi. Robertson aligeukia bakteria waliosababisha maafa hayo. Bakteria hao huishi udongoni na hawahitaji oksijeni. Wakizikwa ndani ya jeraha refu lisilofikiwa na hewa, huzaana na kumwaga sumu. Bakteria wa pepopunda ni wa ukoo huo, na ndiyo sababu mkulima aliyechomwa na msumari au jembe hapaswi kupuuza chanjo. Vita vya Pili vilipozuka, aliirudia kazi hiyo.

Alichunguza pia trikomonasi, kimelea kingine cha seli moja kinachoishi pasipo oksijeni, ambacho fahali humwambukiza ng'ombe jike na kumfanya atupe mimba. Mfugaji wa Migori anayeazima fahali asiyepimwa bado anakabiliwa na hatari hiyo.

Mwaka 1947 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza, miaka miwili tu baada ya wanawake wa kwanza kukubaliwa. Aliendelea na utafiti katika Taasisi ya Lister hadi mwaka 1961, akafariki dunia mwaka 1973 huko Limavady, Ireland Kaskazini, akiwa na umri wa miaka 90.

Jina lake halitajwi sana kandokando ya ziwa, lakini kila mtego wa mbung'o uliotundikwa Lambwe unategemea ukweli ambao yeye alisaidia kuufichua.